Mtoto Mmoja wa Rimu

Mwenye sikio na asogee. Mwenye jibu la haraka na akae nyuma kabisa, maana wenye majibu ya haraka ndio walionifikisha hapa.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu ni kupima watu mabega na kuwashonea nguo, si kuwaamulia kesi za mbwa. Lakini baraza langu liko njia panda, lina kivuli na mkeka, na kila mwenye ugomvi akipita huliona ni mahakama. Nina sare za shule ishirini na mbili sijazikata na shule zinafunguliwa Jumatatu. Nimechoka. Nawatwisha na nyie mzigo huu, labda tukiubeba wengi utakuwa mwepesi.

Kijiji chetu kiko Kondoa, upande wa tambarare kavu. Jina lake nalihifadhi, kwa sababu wenyewe wako hai na hivi sasa hawasalimiani vizuri. Hapa tunafuga mbuzi, na adui wa mbuzi ni mbweha. Mbweha wa kwetu hasubiri giza. Anakuja mchana kweupe, anabeba mtoto wa mbuzi mbele ya macho yako, anakata tambarare. Mbwa wetu wanamfukuza hatua mia mbili, kisha wanarudi wakihema, wameridhika kabisa na juhudi zao.

Sasa, katika kijiji hiki kuna watu watatu, na kila mmoja Mungu amemjalia lake.

Wa kwanza ni Mwidadi Kijuu. Huyu amejaliwa jicho. Mpeleke mnadani penye mbuzi mia, atakuonyesha yule atakayezaa mapacha na yule ambaye hataiona mvua. Ukimuuliza amejuaje, hana maelezo. Anaona tu, na mara nyingi inaudhi kwa sababu huwa amepatia.

Wa pili ni Mwalimu Paskali Mbula, mstaafu, ambaye alitufundisha wote hapa kusoma. Yeye amejaliwa makaratasi. Msicheke. Kuna watu wakiona fomu wanatokwa jasho. Mwalimu akiona fomu anavaa miwani na kuvuta kiti. Hajawahi kuondoka kwenye ofisi bila alichokifuata, hata ikimlazimu kukaa kwenye benchi wiki nzima.

Wa tatu ni Bi Mwajabu, mjane, mdogo wake mama yake Mwidadi. Yeye amejaliwa mkono. Mnyama aliyekataa kula kwa mwenyewe atakula kwake. Kuku aliyeacha mayai atayarudia akishikwa naye. Na yeye ndiye mbweha walimuumiza kuliko wote: alikuwa na mbuzi thelathini na wanne, wakamalizwa mpaka wakabaki kumi na mmoja.

Mambo yalianzia mbali. Mwidadi alikwenda Uarabuni kuchunga ngamia wa mzee mmoja aitwaye Hamdani, jangwani huko ambako mtu anaweza kutembea siku mbili asikutane hata na mti wa kujiegemeza. Mzee huyo alikuwa na mbwa wanaoitwa saluki. Wembamba, miguu mirefu, masikio yenye manyoya yanayoning'inia, mbavu unazihesabu. Mwidadi alipowaona mara ya kwanza aliwahurumia, akadhani wana njaa.

Kisha siku moja akaona mmoja wao akimfukuza mbweha. Si kwa kunusa, kwa macho. Alimwona mbweha akiwa doa tu kule mbali, akaondoka, na hakurudi mpaka amemaliza kazi.

"Fundi, nililia," Mwidadi aliniambia. "Nilimfikiria mama mdogo na mbuzi wake."

Mkataba wake wa miaka sita ulipokaribia kwisha, Mzee Hamdani alimuuliza anataka zawadi gani. Wenzake waliomba saa, waliomba simu. Mwidadi akasema, "Baba, naomba mbwa."

Mzee akachukua siku tatu kufikiri. Watu wa kule saluki hawamuuzi. Ukimtajia bei umemtukana mwenyewe na wazee wake. Wanatoa tu, na hawatoi ovyo. Siku ya nne akampeleka mahali mbwa tisa walipolala mchangani, akamwambia, "Chagua mmoja."

Hapo ndipo jicho lilipofanya kazi. Mimi na wewe tungemchukua dume kubwa la rangi ya dhahabu lililosimama mbele likijionyesha. Mwidadi alikaa mchangani tangu asubuhi mpaka alasiri. Mwisho akanyoosha kidole kwa jike la miezi kumi, dogo, lenye kovu begani, lililolala pembeni.

"Kwa nini huyo?" mzee akauliza.

"Wenzake wakikimbia wanatazamana wao kwa wao. Huyu anatazama windo."

Mzee hakufurahi. Alikiri baadaye kwamba huyo ndiye aliyemtarajia azae kizazi kijacho, na alimlaza pembeni makusudi asionekane. Lakini alikuwa ameshatoa neno. Akamkabidhi pamoja na sharti: "Sisi tunampa mtu mmoja, mkono mmoja. Huyu hauzwi wala hagawanywi, na binti yake wa kwanza vivyo hivyo. Mbwa wa aina hii akiona windo anakwenda mbali kuliko macho yako, na kinachomrudisha ni sauti ya mtu mmoja. Akiwa wa watu wawili, si wa mtu." Jina la mbwa lilikuwa Rimu.

Basi, kama si Mwidadi kusingekuwa na mbwa. Hilo halina ubishi. Lakini nitakwambia na kosa lake, maana mimi siwapambi watu. Mwidadi hakurudi naye. Alishakubali kuongeza mkataba miaka miwili, kwa hiyo akapanga kumsafirisha Rimu peke yake ndani ya kizimba cha mbao, na maelekezo akampa mama mdogo wake kwa simu: anakula kidogo, asifungwe, akimbizwe kila siku. Kuhusu kupe hakusema lolote. Jangwani kule hakuwa ameona kupe miaka sita, akasahau kwamba wapo duniani.

Sasa njoo kwa Mwalimu Paskali.

Kibali cha kuingiza mnyama kilitaka mwombaji awe mkazi wa hapa nchini, mwenye anwani na kitambulisho. Mwidadi alikuwa nje. Bi Mwajabu kitambulisho chake kilikuwa na jina lililokosewa. Akabaki Mwalimu. Kwa hiyo kwenye karatasi zote za serikali imeandikwa, kwa mashine na kwa muhuri: mwenye mnyama, Paskali A. Mbula.

Mwalimu akapanda basi kwenda Dar es Salaam. Kwenye fomu kulikuwa na mstari unaouliza madhumuni ya kumwingiza mnyama.

"Andika mbwa wa nyumbani," karani akamwambia. "Kila mtu anaandika hivyo. Mbwa akishuka unaondoka naye."

Mwalimu akavaa miwani, akaandika kwa hati yake nzuri: Kuanzisha ukoo wa mbwa wa kukinga mifugo.

Karani akasoma, akashusha pumzi. "Sasa hapo umejitafutia matatizo, mzee wangu. Mbwa wa kuzalishia anatakiwa cheti cha ukoo."

"Lakini ndiyo kweli yenyewe."

"Kweli nayo ina karatasi yake. Unayo?"

Hakuwa nayo. Jangwani hakuna vyeti, ukoo wa mbwa unakaa kichwani mwa wazee. Nawauliza, ni nani mwingine duniani angefanya kosa hilo? Mwalimu peke yake, mtu aliyetuchapa viboko kwa kuandika uongo kwenye insha ya "Likizo Yangu". Maneno matatu yangemaliza kazi. Akaandika maneno saba, na Rimu aliposhuka kwenye ndege akapelekwa moja kwa moja kwenye banda la karantini. Mwalimu akaambiwa karatasi zisipokamilika ndani ya siku arobaini na tano, mnyama atarudishwa au ataondolewa. Akauliza kuondolewa maana yake nini. Hakujibiwa.

Hapo Mwalimu akaanza kazi. Alipiga simu jangwani. Mzee Hamdani akataja mama wa Rimu, na mama wa mama yake, akarudi nyuma vizazi kumi na kimoja bila kukwama, Mwidadi akitafsiri na Mwalimu akiandika. Ofisi ikasema karatasi ya mkono haina muhuri. Akatafuta muhuri. Ofisi ikasema muhuri upo lakini cheti cha afya kinasema mbwa ni wa rangi ya mchanga na kibali kinasema ni wa kahawia, kwa hiyo huenda ni mbwa wawili. Akarudi Kondoa kufuata barua ya kuthibitisha rangi. Akarudi Dar. Aliyetakiwa kuisaini alikuwa likizo. Safari nne, fikiria, kwa mtu mwenye magoti mabovu.

"Nimefundisha miaka thelathini na minne," aliniambia. "Sikuwahi kumchapa mtoto kwa hasira. Lakini lile dirisha nilitamani kulichapa."

Siku ya arobaini na moja alimwomba ofisa mkubwa atoke tu nje, dakika tano, amwone mbwa juani. Yule ofisa akatoka, nadhani ili amwondoe usoni pake. Wakamtoa Rimu. Kivulini alikuwa kahawia, juani akawa rangi ya mchanga. Ofisa akatazama, akarudi ndani, akasaini.

Kama si Mwalimu, Rimu angeishia kwenye lile neno "kuondolewa" ambalo Mwalimu hakuelezwa maana yake. Ingawa, na hapa ndipo kichwa kinapoanza kuniuma, kama si Mwalimu huyo huyo Rimu asingekaa karantini hata siku moja.

Rimu akafika kwetu, na kijiji kizima kikaja kuona mbwa aliyepanda ndege. Tulikasirika, nisiwafiche. Tulitegemea simba, tukaletewa kitu chembamba kinachotetemeka kwenye upepo. Habweki. Mgeni akija anamlaki. Ukimwekea gunia la kulalia analitazama, kisha anakwenda kulala kwenye mkeka wa watu.

"Mmeniletea mgonjwa," Bi Mwajabu akamwambia Mwidadi kwenye simu.

"Mama mdogo, ndivyo walivyo."

"Ndivyo walivyo nini? Mwanangu, huyu hajala tangu azaliwe."

Kosa lake Bi Mwajabu ni hilo, na ni kosa la watu wa kwetu. Kwetu mgeni hatoki nyumbani akiwa mwembamba. Ni aibu ya mwenye nyumba. Akamlisha uji, akamlisha ugali na maziwa, asubuhi, mchana na jioni, mpaka mbavu zikapotea na Rimu akawa anatembea akiyumba. Majirani tukampongeza. Rimu alipopata joto la kutaka dume kwa mara ya kwanza akapelekwa Arusha kwa daktari mmoja wa mifugo aliyekuwa na dume wa jamii hiyo hiyo ya jangwani. Hakushika mimba. Daktari akasema amenenepa kupita kiasi. Safari nzima ikawa bure.

Lakini ngoja nikwambie upande wa pili. Mvua zilipokuja, kupe wakaja, na Rimu damu yake haikuwajua. Akapata homa ya kupe. Fizi zikawa nyeupe, akaacha hata kunywa. Kila aliyepita alisema huyo amekwisha. Bi Mwajabu alikaa naye siku kumi na tisa, akimpaka maziwa ya mbuzi ulimini kwa kidole, akifuata dawa wilayani kwa mguu, akimtoa kupe mmoja mmoja, masikioni, kwapani, katikati ya vidole. Na yule ni mama wa swala tano. Sheikh wetu alimwambia kumfuga mbwa wa kulinda mifugo hakuna ubaya, ila mate yake yakimgusa anawe mara saba, moja kwa udongo. Akaweka kopo la udongo mlangoni. Rimu alikuwa mlambaji. Kulikuwa na siku mikono ya yule mama ilichubuka kwa kunawa.

"Nilikasirika," aliniambia. "Nilimkasirikia Mwidadi, nikamkasirikia Mwalimu, nikamkasirikia mbwa. Halafu ananitazama, basi nachukua kopo."

Rimu akapona. Bi Mwajabu akajifunza kumpunguza chakula na kumtembeza kila alfajiri mpaka mbavu zikarudi. Na siku mbweha alipojitokeza, tuliona kwa macho yetu kitu ambacho Mwidadi alikililia. Sitakieleza, nitakiharibu. Nasema tu kwamba mwaka ule Bi Mwajabu hakupoteza mbuzi hata mmoja, na wafugaji kutoka vijiji vitatu wakaanza kuuliza lini huyu atazaa.

Mwidadi akarudi nyumbani. Rimu alimnusa viatu, akamzunguka mara moja, akarudi kulala miguuni pa Bi Mwajabu. Mwidadi alitabasamu mbele za watu. Kwangu hapa alikuja akasema imemuuma sana, na hakutaka nimjibu.

Joto lililofuata Rimu alipelekwa tena Arusha, akashika mimba. Siku ya kuzaa, asubuhi, alikuwa akichimba na kuzunguka. Sisi tuliona mbwa anatengeneza mahali pa kulala. Mwidadi alitazama mara moja akasema, "Mtoto amekwama ndani. Tukingoja anakufa." Mwalimu akapanda bodaboda, na yale magoti yake, akamfuata daktari wa mifugo kilomita arobaini, akamkuta anaelekea mkutanoni, akamgeuza. Bi Mwajabu akamshika Rimu kichwa muda wote wa upasuaji, na bila ule mkono daktari alisema asingethubutu kumpasua kwa dawa kidogo aliyokuwa nayo.

Watoto walikuwa wanne. Watatu walitoka wamekufa. Wa nne alikuwa jike, na akapumua. Rimu akapona pia, lakini kizazi kimetolewa. Hatazaa tena, na tangu apasuliwe hakimbii kama zamani. Mbweha wamelijua hilo mapema kuliko sisi. Mbuzi wa Bi Mwajabu sasa ni tisa. Daktari wa Arusha naye amehamia nje ya nchi na dume lake.

Kwa hiyo kimebaki kitu kimoja: yule jike. Saluki mwingine wa jangwani mwenye kuzaa hatuna. Ukoo wote tulioutarajia uko ndani ya mnyama mmoja anayeweza kulala kwenye kapu langu la vitambaa.

Na wote watatu wanamtaka.

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema wamlee pamoja, watoto watakaozaliwa wagawane. Umemaliza? Sasa sikiliza. Sharti la mzee ni mkono mmoja, na hata ukilitupa sharti, hawa watu hawataki kitu kimoja. Mwidadi alimwahidi Mzee Hamdani kwamba binti wa Rimu hatapandwa ila na damu ya jangwani, hata kama ni kungoja miaka mitatu dume litoke kule. Mwalimu ameshafungua daftari, ameandika ile mistari kumi na moja ya akina mama, na anataka dume lolote la jamii hiyo litakalopatikana hapa nchini, watoto wagawiwe wafugaji wa kata nzima kwa orodha, maana ndivyo alivyoiandikia serikali na hakubali maneno yake yawe uongo. Bi Mwajabu hataki kusikia habari za damu safi. Ameiona damu safi ikifa kwa kupe. Yeye ana dume la hapa hapa, Matata, mbaya wa sura, ambaye kupe wanamchoka wenyewe, na anataka yule binti azae na Matata ili wapatikane mbwa wenye miguu ya mama na ngozi ya baba.

Atakayempata yule jike ndiye atakayeamua ukoo uwe nini. Wakikosana wakiwa na mbwa mmoja kati yao, hautakuwepo ukoo wowote.

Walifika kwa mtendaji wa kijiji. Mtendaji akasoma kibali, akasema mwenye mbwa ni Mwalimu. Akaulizwa kibali kinamtaja mtoto? Akasema ana mkutano. Walimpigia Mzee Hamdani. Akasema mkono uliokwisha kutoa hauchagui tena, kisha akauliza hali ya Rimu, na aliposikia kuhusu kizazi akakata simu. Ndipo wakaja kwangu.

"Mimi ndiye niliyepewa," Mwidadi akasema. "Kwa jina langu. Mzee alinitazama mimi machoni."

"Alikupa, ukampakia kwenye sanduku," akajibu Bi Mwajabu.

"Mama mdogo, nilimtafuta kwa ajili yako."

"Kama ni kwa ajili yangu, basi niachie."

Mwalimu akakohoa. "Bi Mwajabu, mimi sina mbuzi hata mmoja. Sipati faida yoyote. Lakini nimeweka jina langu. Mbwa yule angekufa kwenye banda la saruji."

"Aliwekwa huko na kalamu yako, Mwalimu."

"Na ugali wako ulitunyima mimba ya kwanza," Mwalimu akasema, na kwa mtu mpole kama yeye hilo lilikuwa tusi. Wote wakanigeukia mimi.

Jumatatu nilimpa Mwidadi. Jumanne asubuhi nikaona nimekosea, nikampa Bi Mwajabu. Jioni Mwalimu akaja, hakulalamika, alikaa tu akipangusa miwani, nikajiona mwizi. Nikafuta yote.

Sasa muda umekwisha. Kule jangwani, mtoto wa saluki akitimiza miezi mitatu, mwenyewe humlisha nyama mkononi siku saba, peke yake, na kumpa jina. Sauti hiyo ndiyo atakayoirudia maisha yake yote. Miezi mitatu ilitimia wiki iliyopita. Kila mmoja akaja na nyama yake. Mwidadi anamwita Shaha, jina la mama yake Rimu. Mwalimu anamwita Awali. Bi Mwajabu anamwita Riziki. Mtoto anakula kwa wote watatu.

Jana mchana tulikuwa wote uani kwa Bi Mwajabu tukibishana. Mbweha akapita kule mbali, doa tu. Sisi hatukumwona. Yule mtoto alimwona. Akapenya chini ya uzio akaondoka, na kwa mara ya kwanza tukamwona akikimbia, na nyinyi mngemwona msingekuwa na swali kwa nini watu watatu wazima wamefikia kutukanana. Wakamwita wote kwa pamoja. Shaha. Awali. Riziki.

Akasimama. Akageuka, akatutazama, kwanza huyu, kisha yule, kisha yule. Alingoja. Halafu akatupa mgongo, akaendelea.

Tulimpata saa tisa alasiri, amenasa kwenye miiba nusu kilomita kutoka hapo, mguu una damu. Mbweha hakuwa na haja naye bado. Bi Mwajabu alilia. Mwidadi naye alilia, upande wa pili wa kichaka ili asionekane. Mwalimu alishika miwani mkononi, haoni, anauliza yuko hai, yuko hai?

Yuko hai. Amefungwa kamba shingoni, yeye ambaye mama zake kumi na wawili, ukimhesabu na Rimu, walizaliwa kukimbia, na kamba nimeishika mimi kwa sababu hawakukubaliana nani mwingine aishike. Kesho asubuhi wanakuja wote watatu. Mimi sijalala vizuri wala sijakata sare hata moja. Jicho lilimwona, karatasi ikamwokoa, mkono ukamlea, na kila mmoja alikaribia kumuua kwa namna yake.

Haya, wewe uliyesikiliza mpaka hapa: kamba hii ungeiweka mkononi mwa nani?